Seva iliyostaki kila saa kumi alasiri: kisa cha ofisi ya kahawa Moshi

Ofisi yenyewe ipo Moshi mjini, si mbali na soko la Mbuyuni. Kazi yake ni kukusanya hesabu za kahawa ya wakulima kutoka vituo 14 vya kupokelea huko juu mlimani, upande wa Uru na Kibosho. Jina la ushirika tuliache. Kinachotuhusu ni kompyuta moja chini ya meza ya mhasibu, ambayo ndiyo seva: prosesa ya kori 4, RAM ya GB 8, diski ya kuzunguka ya mizunguko 7,200 kwa dakika, na Linux. Ndani yake kuna programu ya kumbukumbu za wakulima iliyoandikwa kwa Python na kijana anayeishi Arusha. Data zote za wakulima zinakaa kwenye faili moja la SQLite, hifadhidata ndogo ambayo yote ni faili tu kwenye diski.

Msimu wa kahawa Kilimanjaro huanza kwenye Julai na kwenda hadi Desemba. Julai hakuna aliyelalamika. Oktoba, mzigo ulipokolea, balaa likaanza: kila siku saa kumi alasiri, makarani wa vituo wanapotuma mafaili ya siku kutoka kwenye simu zao, programu inastaki. Mhasibu anabofya jina la mkulima aone anadai kiasi gani, ukurasa unazunguka tu. Wazee waliofuata malipo yao wanaambiwa "subirini kidogo, mtandao", na mtandao wa watu hauhusiki hata kidogo, maana kompyuta ya mhasibu imeunganishwa na seva kwa waya wa mita chache. Dakika kumi na kidogo zikipita, mambo yanarudi sawa yenyewe.

Tatizo la namna hii linawachosha mafundi kwa sababu fundi huja asubuhi. Asubuhi mashine ni nzima. Kufikia siku nilipoitwa, seva ilikuwa imeshapimwa na watu watatu, kila mmoja kwa chombo chake, na kila mmoja alikuwa na jibu lake.

Wa kwanza ni fundi wa duka la kompyuta. Aliandika `free -h`, amri inayoonyesha hali ya RAM, akaona jumla ya GB 7.6, na kwenye safu ya "free" MB 180 tu. Kesho yake proforma ya RAM nyingine ya GB 8 ikawa mezani kwa meneja.

Namba 180 ilikuwa ya kweli. Ila haihesabu RAM ambayo programu zinaweza kupata. Inahesabu RAM ambayo kerneli, yaani kiini cha Linux, haijapata cha kuiwekea. Linux ikishasoma faili kutoka kwenye diski huliacha ndani ya RAM, ili likihitajika tena lisisomwe upya. Hiyo ndiyo kashe ya kurasa, na pale ilikuwa imechukua zaidi ya GB 5. Programu ikihitaji nafasi, sehemu kubwa ya kashe hiyo inaachiwa papo hapo kwa sababu nakala halisi ipo kwenye diski. Tangu kerneli 3.14, ya mwaka 2014, kuna hesabu nyingine iitwayo MemAvailable, ambayo `free` huionyesha kwenye safu ya mwisho, "available". Hayo ni makadirio ya kiasi ambacho programu mpya inaweza kupewa bila mashine kuanza kuhamishia kumbukumbu kwenye swapu, eneo la diski linalotumika RAM ikijaa. Pale ilisoma GB 5.1. Fundi aliipita safu hiyo. Sidhani alikuwa na nia mbaya. Duka linauza RAM, na jicho huona kile mkono umezoea kuuza.

Wa pili ni yule kijana wa Arusha, mwenye programu. Aliingia kutoka mbali kwa ssh, akaandika `ps aux` inayoorodhesha michakato, yaani programu zinazoendeshwa, akampigia mhasibu. "Mama shikamoo. Nimeangalia, programu yangu inakula asilimia sifuri nukta nne ya CPU. Mashine yenu ndiyo imechoka." Mama mhasibu akaitikia marahaba, akaongeza kwamba mashine ikichoka saa kumi tu, siku sita kwa wiki, basi ina ratiba nzuri kuliko watu.

Hapa nikae kidogo, kwa sababu kosa hili nimeliona kwa watu wanaojua kazi. Asilimia ya CPU inayotolewa na `ps` si ya sasa hivi. Ni muda wote wa prosesa ambao mchakato umetumia tangu uwashwe, ukigawanywa kwa muda wote ambao umekuwa hai. Mchakato ule ulikuwa umewashwa siku 19 zilizopita, ukiwa umelala usiku wote na Jumapili zote. Hata ungekuwa unachemsha kori moja nzima kwa dakika kumi kila siku, wastani wa siku 19 usingefika hata asilimia moja. `vmstat`, inayoonyesha hali ya mashine nzima, ina mtego wa ukoo huohuo: mstari wake wa kwanza ni wastani tangu mashine iwashwe, na ni wa pili ndio unaoanza kusema ya sasa. Anayeandika `vmstat` bila kuiambia irudie anasoma historia akidhani anasoma hali.

Ukitaka CPU ya sasa ya mchakato mmoja, pima mara mbili utoe tofauti. Kerneli inaweka hesabu kwenye `/proc`, ndani ya saraka yenye namba ya mchakato, faili linaloitwa `stat`. Namba ya 14 ni muda uliotumiwa na programu yenyewe, ya 15 ni muda ambao kerneli imeifanyia kazi programu hiyo. Zinahesabiwa kwa tiki, na kwa kawaida tiki 100 ni sekunde moja. `top` nayo hufanya hivyohivyo: inasoma, inasubiri, inasoma tena, inatoa. Tahadhari ni kwamba asilimia 100 ya `top` kwa kawaida ni kori moja, kwa hiyo kwenye mashine ile mchakato wenye nyuzi nyingi, yaani unaofanya kazi kadhaa sambamba, ungeweza kufika 400.

Wa tatu ni mama mhasibu mwenyewe, na kati ya watatu ndiye pekee aliyepima tatizo likiwa linatokea. Mpwa wake alimfundisha kufungua `top`. Akaandika kwenye daftari, saa kumi na dakika tano: wastani wa mzigo 5.4. Akaambiwa na huyo mpwa kwamba kori ni 4, kwa hiyo mzigo ukizidi 4 prosesa imelemewa. Hitimisho: inatakiwa kompyuta mpya.

Kwenye mifumo mingine ya jamii ya Unix, hoja hiyo ingesimama. Linux ina desturi yake. Tangu 1993, wastani wake wa mzigo hauhesabu tu michakato inayotumia au inayongojea prosesa. Unahesabu pia ile iliyolala usingizi usiokatizwa, ambayo `ps` na `top` huiandika kwa herufi D. Mara nyingi iliyo katika hali hiyo inangoja diski. Kwa hiyo 5.4 inaweza kuwa michakato mitano inayogombea kori, au michakato mitano iliyokaa foleni ya diski huku prosesa haina la kufanya. Namba ileile, maradhi mawili tofauti. Daftari la mama mhasibu ndilo lililonipa pa kuanzia, kwa sababu lilikuwa na saa.

Basi tulisubiri saa kumi. Nilifungua `vmstat 1`, nikaruka mstari wa kwanza, na mafaili ya vituo yalipoanza kuingia namba zikabadilika mbele yetu. Safu mbili za swapu, "si" na "so", zilibaki sifuri muda wote. Hapo proforma ya RAM ikafa rasmi, kwani mashine iliyoishiwa RAM huanza kuhamisha kurasa kwenda na kurudi kwenye swapu. Safu ya "b", yaani michakato iliyozuiwa, ikapanda ikawa inacheza kati ya 3 na 6. Prosesa ilifanya kazi kwa asilimia 8 hivi, kwa programu na kerneli pamoja. Safu ya "wa" ikasimama kwenye 70.

Hiyo "wa" nayo inasomwa vibaya. Watu huiona kama prosesa iliyoshikwa na diski. Ukweli ni kwamba ni muda wa kukaa bure, uliobandikwa jina tofauti kwa sababu kuna mchakato unaongoja diski. Ungeanzisha kazi nyingine nzito ya hesabu kwenye kori zote nne, "wa" ingeshuka karibu na sifuri na diski ingebaki na shida yake vilevile. Ni dalili ya kukuelekeza pa kuchimba, basi.

Tulipotazama herufi D zilikuwa kwa nani, tukapata mchakato unaopakia mafaili ya vituo, uzi wa kerneli unaoandika jarida la mfumo wa faili, na michakato miwili mitatu ya programu hiyohiyo inayohudumia kurasa. Kumbe kila mtu akifungua ukurasa, programu inahifadhi kikao chake, yaani kumbukumbu kwamba ameingia, kwenye faili jingine dogo la SQLite, na uandishi huo unapanga foleni ileile. Hapo ndipo mama mhasibu alipokuwa anakwama. Hakuwa anahitaji kuandika chochote. Alitaka kusoma tu, na programu ikamwandikia.

Nilipima mpakiaji mara mbili, vipimo vikipishana kwa sekunde 10: tiki 36. Sekunde 0.36 kati ya 10, yaani asilimia 3.6 ya kori moja. Kijana wa Arusha aliposema programu yake haili CPU hakukosea sana, ingawa namba aliyoishika haikumpa haki ya kusema hivyo. Kosa lilikuwa kwenye hatua iliyofuata, kudhani kwamba programu isiyokula CPU haina hatia. Programu inayongoja haitumii prosesa. Inatumia muda wa watu.

Kilichofuata kilimshangaza hata meneja, aliyekuwa amevuta kiti. Tulifungua faili la `io` la mchakato ule kwenye `/proc` na kufuatilia `write_bytes`, ambayo huhesabu baiti zinazopelekwa kwenye diski, tofauti na `wchar` inayohesabu kila kilichoandikwa hata kama kimeishia kwenye kashe. Kasi: kama KB 560 kwa sekunde. Diski ya aina ile, ukiiandikia faili moja kubwa kwa mfululizo, hupitisha zaidi ya MB 100 kwa sekunde. Wakati huohuo `iostat -x`, inayopima diski, ilionyesha diski imeshughulika asilimia 99. Imechoka kwa kubeba nusu megabaiti?

Imechoka kwa safari, si kwa mzigo. Ili kuziona safari zenyewe tulitumia `strace`, ambayo huonyesha kila ombi ambalo programu inapeleka kwa kerneli. Chombo hiki kinaipunguza kasi programu unayoichunguza, wakati mwingine mara nyingi, kwa hiyo tulikiacha sekunde chache tu. Na kina mtego ambao nautaja kwa sababu ungeweza kutupoteza: `strace -c` peke yake hujumlisha muda wa prosesa uliotumika ndani ya kerneli. Ombi linalolala likingoja diski halitumii prosesa, kwa hiyo kwenye jedwali hilo huonekana jepesi. Ukiongeza `-w`, linahesabu muda wa saa ya ukutani, tangu ombi litoke hadi jibu lirudi. Bila `-w`, `fdatasync` ilikuwa mstari wa kawaida kati ya mistari. Kwa `-w`, yenyewe na ndugu yake `fsync` walichukua karibu muda wote. Maombi 56 hivi kwa sekunde, kila moja likichukua milisekunde 17 au 18.

Maombi hayo mawili yana maana moja: usinirudishie jibu mpaka data ziwe salama kwenye diski, hata umeme ukikatika sasa hivi. Diski ya mizunguko 7,200 kwa dakika huzunguka mara 120 kwa sekunde, milisekunde 8.3 kwa mzunguko. Milisekunde 17 ni kama mizunguko miwili. Hakuna prosesa wala RAM itakayoharakisha chuma kinachozunguka.

Mbona mara 56? Kijana aliandika kitanzi kinachochukua mstari mmoja wa faili la kituo, kinauingiza kwenye hifadhidata, kinathibitisha muamala (fungu la mabadiliko linaloingia lote au lisiingie kabisa), kisha kinaenda mstari unaofuata. Katika hali ya kawaida ya SQLite, muamala mmoja unahitaji kuhakikisha jarida la kurejesha, lenye nakala ya hali ya zamani, limefika diskini pamoja na saraka lililomo, halafu hifadhidata yenyewe. Pale tulihesabu maombi manne kwa kila mstari, yaani mistari 14 kwa sekunde. Ni karani anayepima debe moja la kahawa, anafunga daftari, analipeleka kabatini, anapiga kufuli, kisha anarudi kumwita mkulima anayefuata. Waandishi wa SQLite wenyewe wanalisema wazi: kwenye kompyuta ya mezani ya kawaida inaweza kuingiza mistari 50,000 na zaidi kwa sekunde, ila miamala ni makumi machache tu, na kwa diski ya 7,200 kikomo ni kama 60. Julai mafaili yalikuwa na mistari mia chache. Oktoba, vituo vyote pamoja vilifika 9,000 kwa siku. Gawanya kwa 14 unapata sekunde 643, karibu dakika 11.

Kijana alipoona hesabu hiyo alikuwa na dawa tayari: kuiambia SQLite isingoje kabisa, kwa kuweka `synchronous` kuwa OFF. Mstari mmoja wa msimbo, na kasi inapaa. Nilikataa, na ningekataa tena. Mpangilio huo unaacha faili la hifadhidata liharibike umeme ukikatika katikati ya uandishi, na UPS ya ofisi ile ina betri iliyozeeka kiasi kwamba hupiga kelele tu kisha inazimika. Umeme Moshi hukatika. Faili lile ni madeni ya wakulima. Kuna njia ya kati, hali ya WAL iliyoanza na SQLite 3.7.0 mwaka 2010, inayoandika mabadiliko kwanza kwenye faili la pembeni, na ambayo pamoja na `synchronous` ya NORMAL hulinda hifadhidata isiharibike ingawa miamala ya mwisho inaweza kupotea. Hiyo tuliitumia kwa faili la vikao vya kurasa. Kikao kikipotea mtu anaingia upya.

Kwa mafaili ya vituo dawa ilikuwa nyepesi zaidi: faili zima liwe muamala mmoja. Umeme ukikatika katikati, faili hilo halikuingia, na bado lipo kwenye simu ya karani, linatumwa tena.

Tulijaribu kwanza kwenye nakala, baada ya ofisi kufungwa, kwa `/usr/bin/time -v`. Njia kamili ni lazima, kwani `time` iliyomo ndani ya bash haina `-v`. Kitanzi cha zamani: dakika 10 na sekunde 43, sekunde 23 tu za prosesa, CPU asilimia 3, na mara zaidi ya 36,000 ambapo mchakato uliachia prosesa kwa hiari yake. Namba hiyo ya mwisho ningependa watu waizoee. Mchakato unaoachia prosesa mara nyingi hivyo unangoja kitu, na hapa ilikuwa karibu sawa na idadi ya maombi ya kungoja diski. Kitanzi kipya: sekunde 4.1, CPU asilimia 87.

Asilimia 87 ilileta kizaazaa chake. Siku ya kwanza ya mpango mpya mama mhasibu alikuwa na `top` yake wazi, akaona programu inaruka kutoka 3 hadi 87, akanipigia. "Mwanangu, sasa ndiyo mmeimaliza kabisa." Nikamwomba afungue jina la mkulima yeyote. Likafunguka. Prosesa iliyokuwa imekaa bure ikingoja sasa ilikuwa inafanya kazi, na kazi ilikuwa imeisha kabla hajamaliza kunilaumu.

Swali la RAM lilirudi mara moja, kutoka kwa meneja, kwa sababu `ps` ilionyesha michakato minne ya programu na kila mmoja una MB 210 kwenye safu ya RSS, yaani RAM ambayo mchakato umeishika. Mara nne ni MB 840. Lakini michakato hiyo ilizaliwa na mzazi mmoja, na kurasa ambazo hakuna aliyezibadilisha wanazitumia kwa pamoja. RSS inazihesabu kwa kila mmoja. Hesabu ya haki ni PSS, inayogawa ukurasa wa pamoja kwa idadi ya wanaoutumia, na inapatikana kwenye faili `smaps_rollup` la kila mchakato. Jumla ilikuwa MB 390. Safu ya VSZ, iliyosoma GB 1.9, nilimwambia aifunike kwa mkono. Hiyo ni anwani ambazo programu imetengewa, nyingi hazijawahi kuguswa.

Proforma ya RAM haikulipwa. Meneja aliomba nyingine, ya SSD, diski isiyozunguka, na betri ya UPS, na niliona ni matumizi mazuri ya fedha, mradi isiaminike kwamba SSD ndiyo iliyoponya. Kitanzi cha zamani kwenye SSD kingekuwa chepesi msimu huu, kisha kingerudi kuuma mistari ikiongezeka.

Lililobaki halikuwa la vipimo tena. Zamani, mstari mmoja mbovu kwenye faili, tuseme karani kasahau namba ya uanachama, ulikataliwa peke yake na mingine ikapita. Sasa faili lote lingerudishwa. Kijana alipendekeza kutumia SAVEPOINT, alama ya kurudia ndani ya muamala, ili mstari mbovu urukwe bila kuvunja muamala. Mama mhasibu ndiye aliyekataa. Faili likiingia nusu, alisema, jumla ya kilo haifanani na karatasi ya mizani, na yeye ndiye anayekesha akitafuta kilo 40 zilizokwenda wapi. Kwa hiyo faili lenye kosa linarudi lote kwa karani, na ujumbe unaotaja namba ya mstari wenye tatizo.